Maua Yasiyofungwa Uzi

4 Februari

Mdogo wangu,

Huku kwetu wazima, na Mama anakusalimu. Magoti yake yanatabiri mvua kuliko redio. Binti yangu amepata kazi kwenye duka la miwani, sasa anajiona daktari, anatupima macho kila tukikaa mezani. Mwambie mkeo sweta alilomtumia Mama limemkaa vizuri, halivui.

Sasa nisikilize. Unajua kwamba Jumamosi najitolea kwenye chama cha wapenda mbegu, kile kinachokutana chumba cha nyuma cha maktaba ninakofanya kazi. Hatuuzi kitu. Kila mwanachama analima kidogo kwa kujifurahisha, anakausha mbegu, analeta, mimi naziweka kabatini na kuwagawia wengine. Kazi yenyewe ni nyepesi. Wanachama ndio wazito. Nimewaandikia kadi ya maagizo, kila mtu kapewa yake mkononi. Kausheni kivulini. Msifunge kwenye nailoni. Andikeni jina na msimu. Kinyozi analeta mbegu za nyanya zimelowa, kazifunga kwenye leso aliyopengea mafua. Mwalimu wa hesabu analeta maharage ya aina tatu kwenye chupa moja, nikimuuliza anacheka, eti nizihesabu. Asante ya punda ni mateke, na mimi ndiye punda wao.

Lakini hayo si kitu. Nilimpa Mzee Redio, yule fundi mstaafu, atunze kopo la mbegu za boga la Mama. Kadi inasema mahali pa baridi. Yeye akaliweka juu ya mtambo wake wa spika unaowaka mchana kutwa, kwa sababu, anasema, alitaka zikauke zaidi. Zimeiva. Hakuna iliyoota hata moja.

Zilizobaki duniani ni hizi nilizokuwa nimeweka kwenye droo yangu, nakutumia wewe. Mimi naishi ghorofa ya tatu, na kwenye kiwanja cha chama kila mtu anapanda boga lake popote japokuwa nimekataza, kwa hiyo nyuki atazichanganya. Wewe una ule uwanja nyuma ya gereji. Maagizo nimeyaambatanisha, kurasa nne. Yasome yote. Zipande zote. Pasiwe na boga jingine lolote karibu, hata yale madogo ya mapambo. Kila ua ulifunge kwa uzi jioni kabla halijafunguka, asubuhi ulipake chavua ya ua la kiume kwa mkono wako, kisha ulifunge tena nyuki asiingie. Unirudishie mbegu za yale uliyofunga tu.

Kwa mara moja katika maisha yako, fuata ulichoambiwa.

Dada yako


19 Machi

Dada,

Salamu zimefika na sisi tunazo za kwako. Mke wangu hajambo. Mtoto kaota jino la mbele, anamng'ata kila anayembeba, kwa hiyo tunasema kachukua kwa shangazi yake.

Bahasha imefika pia. Mbegu hazikujaa kiganja, maagizo yakajaa meza. Fundi mwenzangu aliyaona akadhani ni mwongozo wa kufungua injini ya lori. Ukurasa wa pili unanifundisha kutambua ua la kike. Nashukuru sana. Nina mke na mtoto, lakini nilikuwa sijui.

Nilikuwa nimepanga kukuuliza habari za Mama. Umeandika magoti, umeandika sweta, kisha kinyozi kapata mistari mingi kumshinda. Anakula? Anatoka? Mwezi uliopita nilipiga simu ukasema kalala. Saa nne asubuhi.

Mbegu nitazipanda. Kuna mambo mengine nilikuwa nayajua kabla wewe hujayasoma kwenye kitabu cha maktaba, lakini tuyaache.

Mdogo wako


8 Mei

Mdogo wangu,

Mama yupo. Mtoto apakwe karafuu kidogo kwenye ufizi.

Nimekuandikia mara mbili hujanijibu, sasa naandika ya tatu. Maua yameanza? Umefunga? Unafunga na la kiume pia, au la kike peke yake? Ukurasa wa tatu umeeleza. Usiniambie ulikuwa na kazi nyingi, kufunga ua kwa uzi hakuzidi kufunga gurudumu.

Huku tumekuwa na mkutano. Niliwaeleza tena kwamba anayetaka kuchukua mbegu aandike jina ubaoni. Wakaitikia wote kwa sauti moja kama darasa la kwanza, wakaenda kabatini wakajichotea kama karanga za msibani. Hakuna aliyeandika. Yule nesi wa meno akaniambia, "Dada mkutubi, wewe unatuchukulia kama vitabu, unataka kila mtu akae kwenye rafu yake." Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sikucheka. Boga la Mama limepita mikono ya bibi yake na mama yake likafika kwake, halafu life kwa sababu watu wazima hawataki kusoma kadi ya ukubwa wa kiganja!

Nataka jibu.

Dada yako


30 Julai

Dada,

Jibu hilo hapo kwenye kifurushi.

Maboga yametoka kama ya zamani. Kijani kizito, mistari myeupe, mbavu zile zile, na kile kikonyo kilichopinda. Fundi wangu alikata moja akalisifu siku nzima, tamu kama lililotiwa sukari. Mbegu nimeziosha, nimezikausha kivulini, nimezifunga kwenye karatasi na sio nailoni. Nimefunga maua, nimefungua, nimefunga tena. Umeridhika? Au na mimi nije kuandika jina ubaoni?

Huku hatujambo. Mke wangu kapendezesha sebule mwaka huu, kila pembe ina pambo lake alilolima mwenyewe, mgeni akiingia anadhani kaingia dukani. Gereji ina kazi. Mtoto anatembea.

Swali langu kuhusu Mama bado liko pale pale nilipoliacha mwezi wa tatu.

Mdogo wako


12 Januari

Wewe,

Salamu utazipata siku nyingine.

Nilipopokea mbegu zako niliamini. Mimi, ambaye siamini mtu yeyote kwenye hiki chama, nilikuamini wewe kwa kuwa ni damu yangu. Niliziweka kwenye bahasha ndogo ndogo, nikaandika kwa mkono wangu "Zimethibitishwa", nikawagawia wanachama. Nyingine nikazipanda mwenyewe kiwanjani. Zimezaa. Mengine yamepinda, mengine yana vinundu kama ngozi ya chura, mengine rangi ya chungwa nusu na kijani nusu. Na ni machungu. Si uchungu wa dawa, ni uchungu unaobaki kooni mpaka kesho yake.

Kinyozi alionja lake, akaona chungu, akalitia sukari akawapikia watu wa nyumbani kwake. Kadi inasema boga chungu litupwe, lakini kadi huyo aliisoma lini? Wameumwa matumbo nyumba nzima. Jumamosi alisimama mkutanoni akatoa kadi yangu mfukoni, mara ya kwanza kumwona nayo, akaisoma mstari kwa mstari mbele ya wote. "Pasiwe na boga jingine karibu." Akanitazama. "Mbegu isiyo na uhakika isigawiwe." Akanitazama tena. Watu niliowagombeza miaka yote walikuwa wanameza vicheko. Mzee Redio, aliyezioka za kwanza, ndiye aliyependekeza nirudishe ufunguo wa kabati.

Hilo ningelimeza. Nililoshindwa kulimeza ni hili. Boga la kwanza nilimpikia Mama kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama hakumbuki siku, anasahau kama baba alishafariki, asubuhi nyingine ananiita kwa jina la dada yake. Lakini boga lake analikumbuka. Alikuwa ameliulizia mwaka mzima. Nikamketisha, nikamfunga kitambaa kifuani, nikamlisha kijiko cha kwanza. Akakitema. Akalia. Alisema neno ambalo sitakuandikia. Tangu siku ile hapokei chakula mkononi kwangu, anafumba mdomo kama mtoto. Analishwa na mke wa fundi viatu wa ghorofa ya chini, anayepanda ngazi kwa huruma yake, na kwake pia anakula kidogo sana. Amekonda.

Sasa niambie ukweli. Ulifunga maua au hukufunga?

Dada yako


27 Januari

Dada,

Sikufunga.

Nilifunga mawili ya kwanza, yakaoza kwa mvua. Baada ya hapo sikufunga hata moja. Na ukutani mke wangu alikuwa amepandisha vibuyu vya mapambo, vile vile vidogo vya rangi rangi ulivyovikataza. Nilivijua. Nilikuandikia kuhusu sebule kwa kukukejeli, maana nilijua husomi isipokuwa maagizo yako mwenyewe. Boga lilipotoka zuri na tamu nikasema basi, kelele zote zile zilikuwa za bure. Sikujua kwamba ubaya unakaa ndani ya mbegu, unangoja msimu unaofuata.

Umeridhika? Na mimi nina la kukuuliza.

Mama anasahau kwamba baba alifariki tangu lini? Mimi nasimuliwa maradhi ya mama yangu kupitia boga! Mwaka mzima umeniandikia kinyozi, leso, ubao na mwalimu wa hesabu. Ungesema, "Mdogo wangu, Mama anapotea, na kitu alichobakiwa nacho ni ladha ya boga lile," ningelala shambani na uzi mkononi. Wewe ukanitumia kurasa nne. Ukurasa wa kwanza, jinsi ya kuchimba shimo.

Nani alikuwa anafunga maua yale, Dada? Wewe ulikuwa shule ya bweni. Ni mimi niliyekuwa natoka na Mama jioni, yeye anabeba taa mimi nabeba uzi, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vidogo havivunji ua. Alikuwa ananiambia, "Funga kama unamfunga mtoto shati." Kisha unakuja wewe, uliyeyasoma kwenye kitabu, unanifundisha ua la kike ni lipi. Niliposoma nilisema, sifungi ua hata moja kwa amri ya huyu. Ujinga, najua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wewe hukuchoka kuniimbia hivyo. Haya, limevunjika. Lakini wanachama wako wanakupuuza kwa sababu hiyo hiyo. Hujawahi kumwomba mtu kitu. Unaagiza tu.

Nipe simu niongee na Mama.

Mdogo wako


15 Februari

Ufunguo wa kabati nimerudisha. Kanichukulia nesi wa meno, hakunitazama machoni.

Simu haitasaidia, Mama akisikia sauti haoni uso anaogopa.

Usiniandikie tena habari za mbegu.


3 Juni

Dada,

Umekaa miezi bila kuandika, na mimi pia nimekaa, kwa hiyo tuko sawa. Shangazi mmoja wa upande wa shemeji ndiye anayetuletea habari. Anasema binti yako anaolewa. Hongera, ingawa ningependa kuisikia kwako. Anasema pia Mama hatoki kitandani siku nyingine.

Ulinikataza kuandika habari za mbegu. Hili nalo nalivunja, kama mengine.

Mwaka jana uliniambia nizipande zote. Sikuzipanda zote. Nilichota chache, nikazitia kwenye kiberiti kitupu, nikakiweka kwenye droo ya spana ndogo. Nataka ujue sikufanya hivyo kwa busara, usije ukanisifu. Nilifanya kwa sababu uliandika "zote" ukapigia mstari, na mstari ule ulinikera. Nikasema ngoja nione atanifanya nini.

Barua yako ya Januari ilipofika nilikikumbuka kiberiti. Sikukuambia, maana nilihofu zimekufa, na mimi na wewe tumeshapeana matumaini ya uongo mara moja, inatosha. Nilivunja vibuyu vyote ukutani. Mke wangu alikasirika, na alikuwa na haki, ni kazi ya mikono yake. Nikazunguka nyumba za jirani nikauliza nani ana boga, wakadhani nimeingia kwenye biashara. Nikapanda. Nyingi hazikuota. Mche mmoja tu ndio uliosimama.

Kila jioni nilifunga gereji mapema, wateja wakanuna. Vidole vyangu siku hizi vimejaa makovu na grisi, Dada, na la kwanza nililivunja. Na la pili. Nikamwita mke wangu, yule yule niliyemvunjia vibuyu, akaja akanishikia tochi. La tatu likashika. Nililifunga jioni, nikalipaka alfajiri, nikalifunga tena. Limekomaa sasa, liko ndani, juu ya kabati la nguo, mtoto asilifikie. Ni lile lile, lakini hata mwaka ule yalikuwa yale yale kwa macho, kwa hiyo macho siyaamini tena. Kuonja ndiyo njia pekee. Nimetoboa upande kwa kisu chembamba, nimeonja kipande kidogo kabisa. Ni tamu. Kisha nikakumbuka kwamba mwaka ule nalo lilikuwa tamu. Lakini safari hii ninajua ndani ya mbegu kuna nini, kwa sababu nilifunga mwenyewe.

Halitakaa muda mrefu, nimeshalitoboa. Sijui nilitume kwa posta, kwa dereva wa basi, au nifanyeje. Sijui lipikweje kwa mtu wa hali yake. Andika maagizo. Nitayafuata, hata kama ni kurasa nane.

Mdogo wako


7 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako imefika leo mchana, najibu leo hii hii.

Binti anaolewa, ni kweli. Nilichelewa kukuambia kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia, na bado nimekukasirikia. Ukifika nitakutukana ana kwa ana, nina mengi nimeyaweka. Kiberiti kwenye droo ya spana! Sikusifu, usijali.

Uliandika kwamba wewe ulifundishwa na Mama kwa mkono na mimi nilisoma kitabuni. Nilikaa siku nyingi na hasira ya sentensi ile, maana ni kweli. Wewe ulikuwa naye kila jioni. Mimi nilikuwa nakuja likizo, maua yamekwisha, maboga yako mezani. Hakunifundisha. Nilimwomba mwaka ule alipohamia kwangu, tayari alikuwa amesahau jinsi ya kueleza, akawa anapapasa hewani kwa vidole. Nikaenda kutafuta kitabu. Zile kurasa nne ndizo zote nilizonazo, ndiyo sababu nilikuwa nawagombeza watu nazo.

Sasa lile neno ambalo sikukuandikia. Mama alipotema lile boga, alinitazama, na siku ile alinijua vizuri, hakuniita kwa jina la dada yake. Akasema, "Hili umelilima wewe. Mwanangu asingeacha ua wazi."

Nikamwambia, "Ndiyo, Mama. Ni mimi."

Ndiyo maana hataki kula kwa mkono wangu. Anajua kila kitu kimeharibika isipokuwa wewe. Kila siku anauliza kama umefunga maua, na kila siku namwambia yamefungwa yote, karibu utakuja. Nimemwambia hivyo tangu kabla hujaniandikia kurasa zako za matusi, na nilikuwa naendelea kumwambia nilipokuwa nakulaani jikoni.

Usilitume boga kwa posta wala kwa dereva. Lipakate mwenyewe. Ulipike mwenyewe kwenye jiko langu, umlishe kwa mkono wako. Ukitaka kumwambia ukweli wa mwaka ule, mwambie. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Mimi nitakuwa kwa mke wa fundi viatu huko chini, sitasikiliza mlangoni.

Umeomba maagizo. Nimechukua karatasi, nimekaa nayo, sina la kuandika. Ila Mama huwa na akili zake asubuhi tu, kabla jua halijafika dirishani. Kwa hiyo panda basi la usiku.

Hilo si agizo. Nakuomba.

Dada yako